Bahasha haina risiti

Kuna kauli niliyoisikia kwenye kumbi za mikutano, kwenye daladala ya Himo na hata kwa mhariri niliyemheshimu sana: mwandishi anayepokea ruzuku ameshanunuliwa. Wanaoisema huongeza kwamba mwandishi huru ni yule anayeishi kwa gazeti lake, na kwamba habari ikiwa nzuri italipa yenyewe. Nakataa. Kwa habari za wafanyakazi hapa Moshi, imani hiyo imeziba midomo mingi kuliko mfadhili yeyote ninayemjua.

Mchukue mgumu. Vitabuni anaitwa mpagazi, lakini mlimani Kilimanjaro jina lake ni mgumu, na amelipata kwa haki. Asubuhi pale geti la Machame mizigo hupita kwenye mizani: kilo 20 za kampuni, kisha vitu vyake mwenyewe juu yake. Nilisimama pale siku moja nikimtazama kijana mwembamba, raba zake zimefungwa kwa kamba ya katani. Mizani ikasoma vizuri, askari akaandika, wakaingia msituni. Hatua chache baada ya kona, mwenzake mmoja aligeuzwa kurudi nyumbani, na mfuko wa viazi aliokuwa nao ukahamia kwa yule kijana. Hakusema neno. Aliinama, akauweka sawa shingoni, akaondoka. Alikuwa na siku sita mbele yake hadi kushukia geti la Mweka, na ujira ambao hakuwa ameandikiwa popote. Shilingi 20,000 kwa siku ni kiwango kilichotajwa kwa miaka mingi kama cha chini kinachostahili. Kwa safari ile ingekuwa 120,000. Ni wangapi huipata yote mkononi, bila makato ya kiongozi wa msafara na bila kumpoza aliyewapa nafasi? Hilo ndilo swali la kuandikia.

Sasa piga hesabu ya kuliandika. Inabidi ukae Mweka siku kadhaa uwapate wagumu wa msafara mmoja wakishuka, usikilize kila mmoja peke yake, maana mbele ya kiongozi hawatasema. Utafute karatasi za malipo. Uende kwa mwenye kampuni umpe nafasi ya kujibu, na akikuzungusha urudi tena. Uende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kuona kama kuna shauri. Upate mwanasheria asome kabla haijachapwa. Mwandishi wa mkoani hulipwa kwa stori iliyotoka; nauli ni yake, vocha ni yake, na siku alizokaa getini ni za kwake. Malipo ya stori hiyo hayamfikishi geti la Londorosi na kumrudisha mjini.

Wiki hiyohiyo kuna mwaliko hotelini. Kampuni inazindua jambo, kuna chakula cha mchana, kuna mgeni rasmi, na mwishoni kuna bahasha. Jioni habari imeshatumwa. Nimeipokea bahasha hiyo, si mara moja, na sijivunii. Nilikuwa na ada ya shule ya kulipa. Ninachotaka msomaji akione ni hiki: bahasha ile haina mkataba, haina risiti, na hakuna anayeitangaza chini ya habari. Ruzuku ina mkataba wenye tarehe, kiasi na kazi inayotakiwa. Halafu tunaambiwa mwenye ruzuku ndiye aliyenunuliwa!

Wapo watakaosema bahasha na ruzuku zote ni najisi, dawa ni soko. Soko lipi? Gazeti letu haliishi kwa bei ya nakala, linaishi kwa matangazo. Watangazaji ni mahoteli, kampuni, mashamba, na aliye mkubwa kuliko wote ni serikali. Hao wote ni waajiri. Mgumu hatangazi, kibarua wa kuchuma kahawa hatangazi, wala dada wa kazi za nyumbani pale Shanty Town. Niliwahi kupeleka habari ya vibarua wa shamba moja ambao hawakuwa na mikataba. Ilikaa mezani wiki tatu, kisha nikajibiwa kwa neno moja, kwamba wale ni "wateja". Sikupewa ruzuku na mtu yeyote kwa kazi ile. Nilikuwa huru kabisa, na habari haikutoka.

Tena mwandishi mwenyewe ni mfanyakazi. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka wanahabari wawekewe bima na hifadhi ya jamii. Wanahabari wengi wa mikoani hawana hata karatasi ya ajira. Tunamtuma mtu asiye na mkataba akamuulize mgumu kama ana mkataba.

Mfuko wa Vyombo vya Habari Tanzania, TMF, ulipoanza mwaka 2008, ulifanya jambo ambalo vyumba vingi vya habari vilikuwa vimeshindwa: ulimlipa mwandishi mmojammoja nauli na muda wa kwenda vijijini kuchunguza, na ukamwekea mshauri wa kihariri wa kumsimamia. Na kuhusu mlima wetu, sehemu kubwa ya yale tunayoyajua juu ya mizigo, chakula na ujira wa wagumu imetokana na mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, ulioanzishwa mwaka 2003 kwa mkono wa shirika la nje, ambao huwahoji wagumu baada ya safari. Kazi hiyo ilikuwa yetu sisi waandishi. Hatukuifanya kwa sababu hakuna aliyetulipa tuifanye.

Nakubali kwamba fedha ya mfadhili ina maradhi yake. Huchagua mada, na ujira wa kibarua ni nadra kuwa mada. Vilevile hukatika bila taarifa: Januari 2025 Rais Donald Trump aliposimamisha misaada ya nje ya Marekani, vyombo vya habari vya nchi nyingi vilijikuta mikono mitupu. Lakini ugonjwa huo unatibiwa kwa kutafuta ruzuku ya nyumbani, na hilo si jambo geni kwetu. Baraza la Wachagga lilitoa gazeti la Komkya, yaani kumekucha, kuanzia 1953 hadi 1961. Wafanyakazi wa nchi nzima walikuwa na gazeti lao, Mfanyakazi, chini ya jumuiya yao, NUTA, na baadaye JUWATA. Lilikuwa na mipaka yake, kwani jumuiya ile ilikuwa mkononi mwa chama tawala. Hata hivyo lilikuwepo, na jina lake lilikuwa la mtu wa jasho. Leo ni gazeti gani lina mwandishi ambaye kazi yake pekee ni habari za kazi?

Vyama vipo. TPAWU ina wafanyakazi wa mashambani. CHODAWU ina wa hifadhi, mahoteli na majumbani. Vyama vingi hukata asilimia 2 ya mshahara wa mwanachama kila mwezi. Sehemu ndogo tu ya makato hayo ikiwekwa kwenye mfuko unaosimamiwa na watu wasio viongozi wa vyama, ingetosha kumweka mwandishi mmoja Moshi mwaka mzima, mwenye nauli na mwanasheria. Masharti yawe matatu. Kiasi na mtoaji vitajwe chini ya kila habari. Mtoaji asione habari kabla ya msomaji. Na mwandishi awe na haki ya kuvichunguza vyama hivyohivyo, maana navyo vina waajiriwa na vina siri.

Mifongo, yaani mifereji ya maji ya mlimani huku, ilichimbwa na kusafishwa na kaya zote zilizokunywa maji yake, na asiyetokea siku ya kazi alitozwa. Hakuna aliyesubiri maji yajiuze ndoo kwa ndoo ndipo mfereji uchimbwe.

Wewe unayekatwa ada kila mwezi, Mei Mosi ijayo utapewa fulana na kofia. Vipokee, kisha muulize kiongozi wa tawi lako, mbele ya wenzako, ni shilingi ngapi za ada yenu zimelipia habari zenu mwaka huu. Mwambie aandike jibu lake kwenye muhtasari wa kikao.