Isome Kabla Hujaipaka Rangi

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako imo baiskeli kuukuu aliyoiacha marehemu baba, nawe umekwisha kuazimia kuipaka rangi mpya au kumwuzia mnunuzi wa vyuma chakavu. Subiri kwanza, uisome.

Usiiamini rangi, wala nembo, maana hubandikwa upya. Tazama chuma. Ikiwa ni Raleigh ya Uingereza yenye gia tatu, futa grisi iliyoganda juu ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Mara nyingi utaona jina Sturmey-Archer, herufi AW, na tarakimu zilizogongwa: 58 na 7 ni Julai 1958.

Ikiwa ni baiskeli ya mashindano yenye vifaa vya Shimano vya kabla ya 2002, tafuta herufi mbili ndogo upande wa ndani wa mkono wa pedeli. Ya kwanza ni mwaka, A ikiwa 1976. Ya pili ni mwezi, A ikiwa Januari. Hivyo EC ni Machi 1980.

Lakini tahadhari! Magurudumu hubadilishwa, na tarehe ya kitovu si ya fremu. Shahidi mmoja hatoshi. Vifaa kadhaa vikiafikiana, ndipo ukadirie umri wake.

Nambari ya fremu nayo iandike daftarini kabla fundi hajashika msasa. Rangi hununuliwa dukani. Alama iliyokwisha kusagwa hairudi, na mwanao atarithi chuma kisicho na historia.