Gesi Inayoogopa Baridi
Wapenzi wa bunduki za hewa hawaishi kubishana: kaboni dioksaidi au hewa iliyoshindiliwa? Mimi niko upande wa hewa, ingawa mfuko wangu unanung'unika. Kaboni dioksaidi hukaa ndani ya kichupa ikiwa kimiminika, na kila unapofyatua, kiasi chake huchemka kuziba pengo. Ndiyo maana kichupa cha chuma chenye gramu 12 hutoa nguvu karibu ileile mpaka kimiminika kiishe. Tatizo ni baridi. Kwenye nyuzi 20 mgandamizo ni kama baa 57. Kwenye sifuri ni baa 35 tu. Piga harakaharaka uone: chuma kinapoa mkononi, risasi zinaanza kutua chini ya shabaha. Hewa haina deko hilo. Hujazwa hadi baa 200, wakati mwingine 300, na regyuleta huigawa kwa kipimo kilekile. Wapiga shabaha wa Olimpiki, wanaolenga kitone cha nusu milimita kutoka mita 10, walihamia huko kitambo. Lakini kuijaza kwa pampu ya mkono, jamani! Ukivuka baa 150 unailalia kwa uzito wote, shati limelowa, na mshale wa geji haujasogea.