Mambo ya Nyumbani: Tao la Majani na Nguzo za Maputo

Katika barua tulizopokea, moja imetoka Mpanda mjini, kwa mwalimu mmoja na mkewe, nayo yaeleza jambo lililowanyima wazazi wa mtaa wao usingizi. Watoto tisa wa mtaa huo wamepokea Kipaimara, na wazazi wamepatana kufanya karamu moja uwanjani badala ya karamu tisa. Shauri hilo lilimpendeza kila mtu. Lakini likazuka neno juu ya mapambo. Vijana wataka nguzo na tao la maputo, kama waonavyo katika harusi za mjini. Wazee wasema huo ni upepo ununuliwao kwa fedha. Na mpambaji waliyemwita ametaja malipo ambayo, yakigawanywa nyumba kwa nyumba, nyumba mbili au tatu hazitayaweza. Watoto wa nyumba hizo watakaa mezani pamoja na wenzao, na wazazi wao watabaki nyumbani kwa haya. Basi wametuuliza wafanyeje.

Twajibu kwanza ya kwamba tao la kupitia wageni si jambo la jana, wala si la kigeni. Wazee wetu walipomngojea mgeni mkubwa, au sikukuu ilipokaribia, walikata matawi, wakayapinda juu ya njia na kuyafunga. Wakaao kando ya Ziwa Tanganyika, Karema na Ikola, wana makuti ya michikichi. Wakaao Inyonga na Mpimbwe wana miti ya miyombo, ambayo magome yake hutoa kamba imara na mizinga ya nyuki pia. Migomba nayo hupatikana karibu kila mahali. Tao la namna hiyo halina gharama ila jasho, na siku ya tatu huliwa na mbuzi. Walakini kijana apendaye kuona nyekundu na nyeupe na samawati penye lango la karamu hatendi kosa. Vumbi la Mpanda mwezi wa nane lina rangi moja tu, na jicho la mtoto hutamani nyingine.

Kwa hiyo shauri letu ni hili: tao na liwe la majani, na huku na huku zisimame nguzo mbili za maputo. Wazee watafunga tao, vijana watajenga nguzo, na mpambaji wa kulipwa hatahitajiwa. Vitakavyonunuliwa ni vichache kiasi kwamba nyumba yenye nguvu yaweza kuvilipia pasipo kumwambia mtu. Na hapa twaongeza neno ambalo hatukuulizwa: orodha ya michango isisomwe kwa sauti karamuni. Desturi hiyo twaiona mbaya, hata kama fedha zote zimetimia.

Puto ni mpira, yaani utomvu wa mti uliogandishwa. Aliyefanya la kwanza la mpira ni Michael Faraday, mtaalamu wa London, mwaka 1824. Alichukua vipande viwili vya mpira, akavibandika ukingoni, akapaka unga ndani ili visishikane, kisha akalijaza gesi ya haidrojeni kwa ajili ya majaribio yake. Hakuwa na karamu yo yote. (Mpira una habari ya uchungu ng'ambo ya ziwa letu, katika Kongo ya mfalme Leopold, tangu 1885 hata 1908, ambako watu walilazimishwa kuugema msituni kwa mijeledi na bunduki. Habari hiyo yastahili kuandikwa peke yake.)

Sasa tuje kwenye kazi. Wengi hudhani nguzo ya maputo husimama kwa gesi. Sivyo. Maputo yake hujazwa hewa hii tuivutayo, kwa bomba dogo la mkono, na nguzo husimama kwa sababu ya mti uliomo ndani yake. Tafuteni mti mwembamba ulionyoka, wenye urefu wa meta 2 na kitu, mkausimamishe katika debe la mchanga ulioshindiliwa, au katika ndoo ya zege. Ulainisheni kwa kisu na kwa jani la msasa, usiwe na kijiti wala kibanzi hata kimoja. Mkipata bomba la plastiki la maji, ni bora zaidi.

Nunueni maputo ya inchi 11, yote ya aina moja, wala msiyajaze hata ukomo wake: inchi 9, yaani sentimeta 23 hivi, zatosha. Ili yawe sawa, chukueni sanduku la karatasi ngumu, mtoboe tundu la upana huo, na kila puto lipimwe hapo. Likikwama, litolewe hewa kidogo; likipwaya, liongezwe. Kazi hii yaonekana ya kitoto, nayo ndiyo siri yote. Nguzo ya maputo yasiyolingana hupinda kama mhindi uliopigwa na upepo, hata mkiisimamisha mara tatu.

Kisha fungeni maputo mawili shingo kwa shingo, yawe pacha. Chukueni pacha wawili, muwapishanishe kwa mfano wa msalaba, na kuwasokota katikati mara mbili hata wakamatane: hilo ndilo fungu la maputo manne. Fungu la kwanza hubanwa kwenye mti chini kabisa, mti ukipita katikati ya maputo, mawili huku na mawili huku, nayo husokotwa tena upande wa pili ili yaukamate. Fungu la pili hukaa juu yake, maputo yake yakiingia katika nafasi za lile la chini, kama meno ya juu yaingiavyo katika ya chini. Fanyeni hivyo hata juu. Mkiziweka rangi kwa utaratibu uleule katika kila fungu, mtaona mistari ikipanda kwa kuizunguka nguzo, na watu watadhani ni ufundi mkubwa. Nguzo ya meta 2 hutaka mafungu kumi na moja hivi, yaani maputo 44. Nguzo mbili, 88. Ongezeni kumi kwa ajili ya yatakayopasuka. Kama mngefanya na tao kwa maputo, tao la meta 6 peke yake lingetaka 130 hivi. Hapo mwaona sababu ya kusema majani.

Jua la kwetu ni adui wa puto. Hewa ikipata joto hutanuka: ikitoka nyuzi 20 za alfajiri hata nyuzi 40 za juani, huzidi kwa karibu sehemu 7 katika 100, na puto lililojazwa hata ukomo halina pa kwenda ila kupasuka. Ndiyo maana tumesema inchi 9. Tena maputo ya rangi nzito hushika joto kuliko meupe. Hata yasiyopasuka hupoteza mng'ao baada ya saa chache juani, yakawa kama yamepakwa majivu. Basi yajazeni usiku wa kuamkia karamu, ndani ya nyumba au darasani, mzitoe nguzo mchana ukianza kupoa, na kuzisimamisha upande wenye kivuli cha ukuta au cha mwembe. Lakini matawi ya mwembe yasiziguse, na majani ya lile tao yawe mbali nazo kwa urefu wa mkono. Fagieni uwanja mara mbili, maana mbigili moja yatosha kuharibu fungu zima.

Habari ya upepo: wakati wa kiangazi huja kwa ghafula, nao huinua vumbi na kila kilicho chepesi. Kila nguzo ifungwe kwa nyuzi tatu za mshipi wa kuvulia, zikishikwa na mambo ardhini, na katika kila uzi fungeni vitambaa vyeupe. Mshipi hauonekani jioni, na mtoto akimbiaye ataupata shingoni.

Vijana watauliza juu ya maputo yapaayo angani. Hayo hujazwa gesi iitwayo heliamu, nayo, ajabu, iko chini ya nchi yetu. Mwaka 2016 wataalamu wa vyuo vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba bonde la Rukwa lina heliamu nyingi, wakaikadiria futi za ujazo bilioni 54. Mwaka 2024 kisima kilichochimbwa Itumbula, kusini mwa bonde hilo, kiliitoa hata juu ya ardhi. Gesi hii huzaliwa polepole mno katika miamba ya kale yenye urani na thori. Joto la chini ya Bonde la Ufa huifungua, nayo hupanda na maji ya chemchemi za moto. Kazi yake kubwa ni kupoza sumaku za mashine zipigazo picha za ndani ya mwili hospitalini, ambazo hutaka baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Lita moja ya heliamu huinua gramu moja tu, na puto la mpira lililojazwa gesi hiyo aghalabu huwa limelala chini kesho yake. Kwa hiyo twaona ni hasara kuinunua kwa ajili ya karamu ya mtaa.

Lakini iko gesi nyingine, nayo hatusemi ni hasara tu. Katika nchi mbalimbali, wauzaji wasiopata heliamu hutia vipande vya alumini katika maji ya kostiki, wakapata haidrojeni, nayo huinua puto vizuri sana. Gesi hiyo huwaka kwa cheche moja. Yerevan, mji mkuu wa Armenia, siku ya 4 Mei 2012, maputo yaliyojazwa gesi iwakayo yalilipuka katika mkutano wa siasa, na zaidi ya watu 140 waliumia, wengi kwa kuungua. Karamu ya uwanjani ina majiko ya mkaa, mishumaa ya keki na wazee wavutao sigara. Mtu akiwaletea maputo yapaayo, wala hawezi kuonyesha mtungi wa heliamu aliyoinunua, mwambieni ayarudishe, hata kama anatoa bure.

Wala msikubali desturi ya kuachia maputo angani. Cleveland, Marekani, tarehe 27 Septemba 1986, waliachiwa karibu milioni moja na nusu kwa mara moja. Mvua ikayashusha juu ya mji na Ziwa Erie. Njia ya ndege ilifungwa kwa kitambo, na waliokuwa wakiwatafuta wavuvi wawili ziwani hawakuweza kupambanua kichwa cha mtu na puto lieleapo. Wavuvi wale walikufa. Nasi tunalo ziwa, na wavuvi, na mifugo ilayo kila iokotacho.

Mlio wa puto lipasukalo hufurahisha watoto, lakini si watu wote. Katika mkoa wa Katavi, Katumba na Mishamo, na mjini pia, wamo wazee waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Mzee wa namna hiyo akiwa mgeni wenu, mketisheni mbali na nguzo, tena mwambieni mapema kwamba huenda yakapasuka. Na vijana wakatazwe kuyachoma kwa sindano kwa mchezo.

Neno tulitakalo kina mama walishike kuliko yote ni vipande. Puto lililopasuka, au lisilojazwa, ni hatari kwa mtoto kuliko lililojaa. Mpira ule laini akiuvuta kinywani hujibandika kooni, ukaziba pumzi, na kuutoa ni shida hata kwa mganga. Wenye kujua mambo haya wasema mtoto wa chini ya miaka minane asipewe puto lisilojazwa wala kuachiwa kulipuliza kwa mdomo. Basi mchagueni kijana mmoja mwenye akili, kazi yake siku hiyo iwe kuokota kila kipande mara puto lipasukapo, nacho akitie katika kopo lenye kifuniko. Apewe chakula kwanza, asije akaiacha kazi kwa njaa.

Jioni, kabla wageni wa mwisho hawajaondoka, nguzo zivunjwe. Msiyapasue maputo. Shikeni shingo karibu na fundo, pale mpira ulipolegea, mkate kidogo kwa mkasi, na hewa itatoka kimya. Msiyachome moto uani. Mti, debe na mshipi viwekwe kwa mtu mmoja, kwa ajili ya mtaa mwingine utakaovihitaji. Kisha hesabuni shingo pamoja na zile zilizomo koponi: mlijaza 98, zipatikane 98. Zikipungua, washeni taa mzitafute majanini usiku huohuo, kabla watoto hawajaamka.