Hatua Ndogo Tunazijua Sisi

Tumesikia. Dhibiti kilicho mikononi mwako, usichokiweza achana nacho. Kaza macho kwenye jambo moja. Anza kidogo, nenda taratibu, utafika. Tunaambiwa hayo kwenye semina za ujasiriamali, tunaambiwa redioni alfajiri, tunarushiwa kwenye makundi ya simu, na siku hizi hata ofisa mikopo huanza na hayo hayo kabla hajatoa fomu. Sisi mama lishe, mafundi cherehani, wauza mitumba na wenye magenge ya nyanya na vitunguu hapa Dar es Salaam hatuyapingi. Tunalalamika kwa sababu tunaambiwa sisi peke yetu, kana kwamba tumekwama kwa kukosa nidhamu.

Kwenye hilo la hatua ndogo, kwa kweli, tungestahili kuwa walimu. Mtazameni mama lishe saa kumi ya usiku. Mkaa ananunua wa ndoo, mafuta ya kupima. Anajua fika kwamba dumu la lita tano lina nafuu, lakini akilinunua leo hela ya mchele haipo. Anajua kwamba sahani 40 zikitoka amerudisha mtaji, na kwamba faida yake imo kwenye zile chache zinazofuata. Jioni anahesabu: hela ya mchele wa kesho inafungwa kwenye pembe moja ya khanga, ya kikoba kwenye pembe ya pili, na ile ya kikoba haiguswi hata mtoto alie anataka daftari. Siku mvua ikishinda inanyesha na mafundi wa jengo la jirani wasije kazini, zile sahani za faida zinabaki sufuriani, na kesho yake anaanza tena. Mtu huyu anahitaji kufundishwa uvumilivu gani zaidi?

Tunaambiwa pia tusitapanye nguvu, tushike biashara moja. Wengi wetu tungependa hivyo. Fundi cherehani anayeuza barafu na vocha hafanyi hivyo kwa kukosa mwelekeo. Cherehani ya umeme hulala umeme ukikatika, na mwenye nguo za harusi haahirishi harusi. Wakati wa mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024, vocha ndiyo iliyolipa pango la fremu. Na usiku wa Julai 10, 2021, soko kuu la Kariakoo lilipoungua, wapo waliokuwa wameweka kila shilingi kwenye mzigo uliokuwa ndani ya jengo lile. Walikuwa wameshika jambo moja kama tunavyohimizwa. Ukarabati ulichukua miaka, na marejesho ya mkopo hayakungoja ukarabati. Kwa hiyo mtu akiwa na mkono huku na mkono kule, tafadhalini msimwite mvivu wa kuamua.

Lakini linalotuuma zaidi ni hili la kudhibiti. Fundisho lenyewe ni la kale. Mwanafalsafa Epictetus alilifundisha katika dola ya Roma, karne ya kwanza na ya pili: yapo yaliyo katika uwezo wetu na yapo yasiyo katika uwezo wetu. Alizaliwa mtumwa, na alikuwa akitafuta uhuru wa moyo, kitu ambacho hakuna bwana angeweza kumnyang'anya. Tunamheshimu kwa hilo. Leo fundisho la mtumwa linatumika kumtuliza muuza mitumba, huku yule mwenye uwezo wa kubadilisha mambo hata haulizwi ameufanyia nini uwezo wake.

Chukueni suala la mahali pa kuuzia. Desemba 2018 Rais John Magufuli alitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000 kila kimoja, na maelekezo kwamba mwenye nacho asisumbuliwe. Tukanunua, tukavivaa shingoni. Mwaka 2021 haujaisha, amri ikawa ni kuondoka pembezoni mwa barabara na kuhamia maeneo yaliyopangwa. Hatusemi barabara zibaki zimezibwa. Wenye magari nao ni watu, na waenda kwa miguu ni sisi wenyewe. Ila biashara ya kando ya njia mtaji wake mkubwa ni wapita njia. Miaka mitano unajenga wateja wanaokujua kwa jina la mwanao, halafu unapewa kizimba mahali ambapo daladala haisimami. Hatua zako zote zinarudi mwanzo, na siku hiyo hakuna mtu wa semina anayeonekana.

Au chukueni mkopo, huu tunaouita kausha damu. Unaomba laki tatu. Wanakata hela ya fomu na kile wanachokiita bima, unaondoka na 270,000. Unarejesha 15,000 kila siku kwa siku 25. Pigeni hesabu wenyewe: umelipa 375,000, yaani nyongeza ya 105,000 juu ya ulichokishika mkononi, na mwezi haujaisha. Hakuna genge la nyanya linalozaa hivyo. Ukichelewa, wanakuja kubeba televisheni na jiko la gesi mbele ya majirani. Mtatuuliza kwa nini tunakwenda huko. Tunakwenda kwa sababu mkopo wa halmashauri usio na riba, ile asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ulisimamishwa Aprili 2023 ili utaratibu upangwe upya, na haukurudi hadi 2024. Fedha zilikuwa zikipotelea kwenye vikundi hewa, na kusafisha kulihitajika. Lakini ada ya shule ilifika Januari kama kawaida yake, na vikundi vya kweli vilingoja pamoja na vya uongo.

Kuna jambo ambalo semina hazilisemi, nasi tumelijua kwa kuliona. Julai 2021 ilipoanza tozo ya miamala ya simu, hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja kulingana na kiasi, kila mmoja wetu peke yake hakuwa na la kufanya. Kelele zilipokuwa za nchi nzima, ilipofika Septemba tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia kodi na namna inavyokusanywa, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Duka moja likifungwa, anayeumia ni mwenye duka. Kwa hiyo mipaka ya uwezo wetu si ile tunayochorewa, kila mtu na meza yake na daftari lake. Lililomshinda Asha na likamshinda Juma linaweza lisiwashinde wenye vizimba vyote wakiwa pamoja, na kikoba kinachojua kukusanya hisa kila Jumapili kinaweza pia kuandika barua na kuipeleka kwa mkurugenzi.

Basi tunaomba, na tunaomba kwa sauti. Amri ya kuhama itangazwe miezi kadhaa kabla, na tuonyeshwe tunakohamia tukapaone kama pana njia na maji. Fomu ya mkopo iandike kwa Kiswahili, ukurasa wa kwanza kabisa, jumla ya shilingi tutakazolipa hadi mwisho, tena kabla ya mahali pa kusaini. Ushuru wa soko ubandikwe ukutani, kiasi na siku, ili asije kijana mwenye kitabu cha stakabadhi na kiasi kingine cha kwake. Umeme ukikatwa, ukatwe kwa saa zilizotangazwa, fundi ajue ashone saa ngapi.

Na nyie mnaotufundisha, endeleeni kuja, wengine wenu mnatutakia mema na tunalijua hilo. Ila semina ijayo muwaalike na diwani, ofisa masoko na mameneja wa hizo kampuni za mikopo, wakae nasi tangu asubuhi hadi mwisho. Tutakuja na madaftari yetu ya mauzo, na tungependa suala la vizimba ndilo liwe la kwanza.