Jasho si Stakabadhi ya Kazi: Hoja dhidi ya Uhakiki wa Mkato

Pana neno moja ambalo mhakiki wetu akilikuta katika matini huacha kusoma. Neno hilo ni jasho. Mara tu mhusika anapotokwa na jasho, mhakiki huandika "unyonyaji" pambizoni na kufunua ukurasa unaofuata. Makala haya yanadai kwamba mazoea hayo ni uvivu uliovishwa joho la nadharia, na kwamba yanawadhuru wanyonge wale wale ambao yanadai kuwatetea.

Tukiri kwanza deni letu. Uhakiki wa Kimarx uliostawi Afrika Mashariki katika miaka ya 1970 na 1980 ulitufunza kuuliza ni nani atokwaye na jasho na ni nani alilaye. Bila swali hilo tusingeweza kuisoma ipasavyo Kuli (1979) ya Shafi Adam Shafi, inayohusu makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wa 1948, wala Kilio cha Haki (1981) ya Alamin Mazrui, ambamo wafanyakazi wa shamba la mlowezi wanapigania haki zao. Ugomvi wetu si na swali. Ni na jibu linalotolewa kabla ya swali kuulizwa.

Lugha yenyewe hairuhusu jibu hilo la pekee. Kwa Mswahili wa pwani, jasho ni maji yatokayo mwilini, na pia ni joto lenyewe: husema "leo kuna jasho" akiwa amejikalia barazani, hajainua hata kijiko. "Kula jasho la mtu" ni dhuluma. Lakini "kutokwa na jasho jembamba" ni hofu au fadhaa, na huweza kumpata mkubwa aliyefumaniwa sawa na mtwana aliyetishwa. Mcheza ngoma hurowa chepechepe kwa hiari na furaha yake, naye angeshangaa kuambiwa kwamba ananyonywa. Hata methali isemayo kuwa mchumia juani hulia kivulini hailitukuzi jasho; inakitukuza kivuli.

Watakuwapo watakaojibu kwamba hayo ni matumizi ya kando, na kwamba jasho la kazi ndilo jasho hasa, kwa kuwa ni ushahidi unaoonekana. Hapa maumbile yanawasuta. Jasho huupoza mwili linapokauka. Katika hewa nzito ya Mombasa hukauka kwa taabu, hivyo huweza kumtiririka hata aliyelala. Katika hewa kavu ya bara, mkulima aweza kulima kutwa na ngozi yake isionekane kurowa, kwa kuwa jasho limekwenda na upepo. Viganja navyo hutoka jasho kwa wasiwasi zaidi kuliko kwa joto. Basi, wingi wa jasho linaloonekana si kipimo cha kazi iliyofanywa. Mhakiki asiyeuliza habari za hewa, kiungo na tukio hajaisoma ishara. Ameyasoma matarajio yake mwenyewe.

Tumesema kwamba mazoea haya yanawadhuru wanyonge. Tuutazame Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa 1858. Miongoni mwa mausio yake, mama anamwelekeza bintiye kuhakikisha kuwa mume aliyelala anapepewa. Anayekingwa na joto hapo hafanyi kazi yoyote. Aliye kazini ni mkono unaoshika upepeo, na jasho la mwenye mkono huo halitajwi. Mhakiki anayelisaka neno jasho ndipo aione dhuluma atapita hapo asione kitu. Mwenziwe aliye mkali zaidi ataiona dhuluma tupu, asiyaone mapenzi ya mama mgonjwa anayetafuta namna ya kumlinda bintiye katika jamii aliyoifahamu. Wote wawili wamekosa kusoma.

Madhara zaidi yako madarasani. Mwanafunzi anayejua kwamba alama hutolewa kwa kulitaja tabaka hataona haja ya kuichunguza sentensi. Mbaya zaidi, anajifunza kumwona mfanyakazi kama mwili unaotoa maji tu: haogopi, hapendi, haoni haya, hachezi ngoma. Huo ndio mtazamo wa mlowezi, aliyemhesabu mtu kwa saa za kazi na kumwita kibarua. Uhakiki unaojiita wa kimapinduzi haufai kuurithi.

Hatuombi jasho litengwe na tabaka. Tunaomba kwamba, kabla ya kuandika "unyonyaji" pambizoni, mhakiki aulize mambo matatu: jasho hili limetoka kwa sababu gani, limetoka mahali gani, na ni nani mwingine katika matini haya aliyetokwa na jasho bila kutajwa. Swali la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ndilo tusilolisikia katika semina zetu.