Mgeni wa Baraza Apewe Kete

Mji wetu wa Dar es Salaam unazidi kupanuka, na Chamazi ni mojawapo ya pembe zake zinazopokea watu wapya siku hata siku. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu katika Mkoa huu watu 2,487,288. Ile ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541, na ile ya 2022 ikahesabu watu 5,383,728. Watu wote hao hawakuzaliwa mjini. Wengi ni wageni waliofuata kazi, na wengine ni watu wa mji huu huu waliolazimika kuhama mtaa mmoja kwenda mwingine. Hapo Chamazi wako waliotoka Kurasini, walioondolewa katika miaka ya 2000 ili kupisha upanuzi wa bandari. Baadhi yao waliungana, wakanunua ekari 30 za ardhi, wakaanza kujijengea nyumba.

Lakini nyumba ni jambo moja na ujirani ni jambo jingine. Mfanya kazi aliyehamia mtaa mpya hawi mwenyeji siku ile anapokabidhiwa ufunguo. Huwa mwenyeji siku anapopata pahala pa kukaa jioni, akaitwa kwa jina lake. Na kwa watu wengi wa pwani yetu, pahala hapo ni baraza la bao. Hapo ndipo hujulikana nani anatafuta mwashi, nani ana chumba cha kupangisha, na nyumba ipi imefikwa na msiba. Mtu asiyekuwa na baraza hukosa mchezo, na pamoja na mchezo hukosa habari, kazi na wa kumzika.

Kwa sababu hiyo, ndugu wasomaji, si jambo dogo kuona mgeni akifukuzwa barazani kwa kicheko. Tabia hiyo haiko katika kila baraza, wala si ya Chamazi peke yake, lakini inajulikana sana. Kijana anafika, anatoa salamu, anaomba kucheza. Anapewa nafasi, si kwa kufundishwa bali kwa kufanywa kichekesho. Anakosea kusambaza kete zake, na watu kumi wanapiga kelele kwa pamoja. Anauliza kwa nini hakuruhusiwa kula shimo fulani, anajibiwa, "Rudi kwenu ukajifunze." Anafungwa kwa dakika chache, anainuka, na siku ya pili haonekani. Wenyeji husema, "Hana moyo wa bao." Sisi twasema kwamba ni baraza lililokosa moyo.

Wako wazee watakaotupinga. Watasema kwamba kejeli ni chumvi ya bao, kwamba wao wenyewe walichekwa walipokuwa vijana, na kwamba kuchekwa huko ndiko kulikowafanya mafundi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, wala hatutaki kuipuuza. Bao lisilo na tambo ni kama mchuzi usiotiwa nazi. Mafundi wawili wanapotupiana maneno huku mikono yao ikienda, baraza zima hufurahi, na hakuna anayeumia, maana kila mmoja ana cha kumjibu mwenzake. Lakini mgeni ana nini cha kujibu? Hajui hata jina la shimo alilokosea. Tambo kati ya walio sawa ni mchezo. Tambo juu ya mtu asiyejua ni kumpiga mtu aliyefungwa mikono.

Tena tukumbuke desturi yetu ya utani. Mnyamwezi aliyefika pwani alitaniwa na Mzaramo bila ya huruma, naye akamtania vile vile. Lakini utani ule ulikuwa na deni lake. Mtani aliyekucheka mchana ndiye aliyewajibika kukusaidia ulipopatwa na shida, na alikuwa na kazi yake maalumu katika msiba wako. Kicheko kilikwenda pamoja na wajibu, na kwa ajili hiyo mgeni aliyetaniwa alijua kwamba amepokewa. Hao wanaomcheka kijana leo, kisha wasijue hata analala wapi, wasijifiche nyuma ya jina la utani. Wamechukua kicheko, wameuacha wajibu.

Na bao lenyewe linatoa ushahidi dhidi yao. Bao la Kiswahili lina safu 4 za mashimo 8, yaani mashimo 32 kwa jumla, na kete 64. Katika mchezo kamili kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni: 6 katika nyumba, na 2 katika kila moja ya mashimo mawili ya jirani yake. Kete 22 zinazobaki hukaa mkononi, na huingizwa moja moja katika kunamua, mpaka zitakapokwisha ndipo mchezo uingie katika mtaji. Kunamua kuna sheria nyingi juu ya nyumba, juu ya kula, juu ya kichwa gani cha kuanzia na upande gani wa kwenda. Hakuna binadamu anayeweza kuzielewa zote kwa kutazama jioni moja.

Wazee wetu walilijua jambo hilo. Kwa hiyo waliweka mchezo mwingine kando yake, wakauita kwa jina lisilo na fumbo: bao la kujifunza. Katika bao hilo kila shimo hutiwa kete 2 tangu mwanzo, hakuna kinachobaki mkononi, na mchezo huanza moja kwa moja katika mtaji. Mgeni hujizoeza kusambaza, kula na kuhesabu, kabla ya kubebeshwa mzigo wa kunamua. Maana yake ni kwamba waliotuachia bao walimfikiria mtu asiyejua, wakamtengenezea mlango. Sisi tuliorithi nyumba tuna haki gani ya kuuziba mlango ule?

Ufundi wa bao haupotei kwa kugawiwa. Katika miaka ya 1990 msomi wa Kiholanzi, Alexander de Voogt, aliwaendea mafundi wa bao wa Zanzibar, akajifunza kwao, na mwaka 1995 akatoa utafiti wake juu ya uwezo wa akili za mabingwa hao. Mgeni kutoka Ulaya alivumiliwa, akafundishwa, na sifa ya mafundi wetu ikafika vyuo vikuu vya mbali. Ikiwa tuliweza kumfundisha Mholanzi, twashindwaje kumfundisha kijana wa Kigoma au wa Singida aliyepanga chumba nyuma ya nyumba zetu?

Tufikiri pia kijana huyo huenda wapi akisha kufukuzwa. Jioni yake haifutiki kwa sababu sisi tumemcheka. Karibu na baraza kuna kibanda cha kubahatisha, na huko hakuna anayemwambia kwamba hajui kucheza. Hupokewa kwa heshima zote, maana fedha yake inahitajiwa. Mshahara wa juma zima unaweza kumalizikia huko, katika mchezo usiomfundisha kufikiri wala kumpatia rafiki. Hatusemi kwamba baraza peke yake ndilo lenye lawama. Twasema kwamba baraza lilikuwa na nafasi ya kumpata kijana huyo kwanza, nalo likaipoteza.

Basi lifanywe nini? Kwanza, kila baraza liwe na ubao wa pili, hata ukiwa ni mashimo yaliyochimbwa mchangani na kete za komwe, kwa ajili ya bao la kujifunza. Pili, achaguliwe mtu mmoja mwenye subira wa kumkalisha mgeni, kumtajia majina ya mashimo na kucheza naye polepole. Tatu, makosa ya mgeni yasemwe mchezo ukisha kwisha, na mtu mmoja tu, si umati. Nne, mwenye kutaka kutupa tambo aanze kwa kumwuliza mgeni jina lake na mtaa wake. Na tunaposema mgeni hatumkusudii mwanamume tu. Dada anayetaka kujifunza bao asigeuziwe macho kana kwamba amepotea njia.

Mgeni naye ana wajibu wake. Apige hodi, awaamkie wazee shikamoo kabla ya kuomba kete. Atazame kwanza mchezo mmoja au miwili kimya kimya. Asiguse kete za mchezo usio wake, wala asimdokeze mchezaji cha kufanya, kwa kuwa kudokeza huharibu mchezo na huvunja urafiki. Akifungwa ainuke na kumpisha mwenzake, bila ya kununa na bila ya kutafuta sababu. Heshima hupokewa na anayeitoa.

Mwalimu Nyerere, Rais wetu wa kwanza, alikuwa mpenzi wa bao. Katika mchezo huu Rais na mchukuzi wa bandarini huhesabu kete zile zile 64, wala cheo hakiwezi kumwongezea mtu hata moja. Baraza linalomdharau mtu kwa sababu alifika jana limekwenda kinyume cha usawa huo.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walitaka mgeni apewe chombo na nafasi ya kufanya pamoja na wenyeji, na hawakusema apewe kicheko. Wazee wa mabaraza ya Chamazi, Mbagala na Temeke nzima, vijana wapya wanawatazama kutoka kando ya njia. Waiteni, wapeni kete, na anzeni nao bao la kujifunza jioni hii hii.