Msaada Una Mwisho, Haki Haina Mwisho



Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga milango ya kazi, Serikali iliwaajiri vijana wa Kibera kuzibua mitaro na kufagia vichochoro chini ya mpango wa Kazi Mtaani. Katika awamu ya pili, kibarua alilipwa shilingi 455 kwa siku, kwa siku 11 katika mwezi. Jumla shilingi 5,005. Fedha hizo zilinunua unga na maji, zikalipia chumba. Kisha awamu zikakoma, lakini mwenye nyumba hakukoma kubisha hodi.

Nafuu ya ushuru nayo ilikuwa na kikomo. Ushuru wa VAT ulishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14 mwezi wa Aprili 2020. Ilipofika Januari mosi 2021 ukarudi pale pale. Hata hivyo, ushuru ulibadilishwa kwa tangazo la kisheria lenye tarehe ambayo yeyote angeweza kuisoma. Kibarua cha mtaro kilitegemea bajeti na uamuzi wa wakubwa, awamu baada ya awamu.

Basi nyumba ifanyeje? Mwisho wa msaada huandaliwa siku unapoanza. Usiuhesabu kuwa mshahara. Lipa kwanza deni la dukani. Anayeweka shilingi 500 kila mwezi, baada ya miezi sita ana 3,000; si utajiri, ila kwa vyumba vingi vyetu vya mabati ni kodi ya mwezi mmoja. Ingia katika chama wakati mkono una kitu. Wala usichukue mkopo wa simu kwa kutumainia malipo yajayo, kwani msaada ukikatika, deni halikatiki.

Najua mtauliza: anayelala njaa ataweka akiba gani? Swali hilo ni la haki, na ndiyo sababu akiba peke yake haitoshi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinailazimu Serikali kuwapa hifadhi wasioweza kujikimu. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Kwa hiyo msaada wowote utakapotangazwa, tumwandikie chifu barua: wanaonufaika wamechaguliwa kwa kigezo gani, watalipwa kiasi gani, na mpango unakoma lini? Jibu lisomwe kanisani Jumapili na msikitini Ijumaa.

Mwaka 1991 Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kilifutwa ili Mkenya achague chama bila hofu. Njaa nayo ni hofu. Asiyejua msaada wake unakoma lini hununuliwa kwa pakiti moja ya unga siku ya kura. Tuweke akiba ili tusiuzwe. Tudai tarehe ili tusidanganywe.